Uliza Mchuzi Kwanza: Mvinyo na Vyakula vya Bahari vya Pwani

Kanuni inayojulikana kila mahali ni fupi: samaki na mvinyo mweupe, nyama na mwekundu. Si kanuni mbaya, ila haimfikishi mbali mtu aliyesimama dukani Masaki au Nyali, rafu nzima ya chupa nyeupe mbele yake na changu wawili kwenye mfuko. Changu akikaangwa mkavu na kukamuliwa ndimu anataka chupa moja. Akichomwa na kupakwa tui anataka nyingine. Akipikwa mchuzi wa nyanya wenye pilipili mbuzi, zile mbili za kwanza hazimfai. Nyama yake ni ile ile, nyeupe, yenye utamu wa mbali, na haina ugomvi na mvinyo wowote mweupe. Ugomvi unaletwa na tui, ukwaju, ndimu, pilipili, mafuta ya kukaangia na moshi wa mkaa. Hivyo ndivyo vya kuulizwa kwanza. Jina la samaki lifuate.

Tuanzie mdomoni, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Chumvi na uchachu wa chakula hulainisha mvinyo: baada ya tonge la samaki aliyekolea chumvi na ndimu, mvinyo uliokuwa mkali unakuwa mpole na harufu ya matunda inajitokeza. Sukari ya chakula hufanya kinyume. Kadhalika ule ukolezo wa supu ya kamba au ya vichwa vya samaki iliyochemka muda mrefu, ambao Wajapani wanauita umami: unaufanya mvinyo uwe mchungu na mkavu kuliko ulivyo. Mafuta, yawe ya kukaangia, ya siagi au ya tui, hutanda juu ya ulimi, na mvinyo usio na uchachu hauwezi kupenya; unapita kama maji.

Halafu kuna shombo. Sehemu kubwa ya shombo ya samaki wa baharini ni trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza samaki akishakufa, na huongezeka kadiri anavyokaa nje ya barafu. Kikemia ni besi, na tindikali huifunga isirukie puani. Ndiyo kazi ya ndimu mezani, na ndiyo kazi ya kwanza ya mvinyo mweupe wenye uchachu. Kwa hiyo mvinyo mweupe uliopooza, usio na uchachu wowote, hauna nafuu yoyote mbele ya samaki kwa sababu tu ni mweupe.

Na mwekundu je? Watu wengi wameonja ile ladha ya chuma na shombo kali inayobaki kinywani baada ya kunywa mvinyo mwekundu na samaki, wakalaumu ukakasi wake, yaani tanini. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya mvinyo ya Mercian ya Japani, akiwamo Takayuki Tamura, walichapisha matokeo ya majaribio ya mivinyo 38 myekundu na 26 myeupe iliyoonjwa pamoja na kombe za skalopu. Kilichofuatana na shombo kilikuwa madini ya chuma yaliyoyeyuka ndani ya mvinyo. Yakifika takriban miligramu 2 kwa lita, shombo ilikuwa kali. Walipoongeza kitu kinachoyafunga madini hayo, ilipungua. Chuma hicho huyachochea mafuta ya samaki yavunjike na kutoa harufu. Myekundu mingi huwa na chuma zaidi, lakini si yote, na baadhi ya myeupe nayo imo. Lebo haisemi. La kufanya mezani ni kukumbuka kwamba hatari huongezeka kwa samaki wenye mafuta mengi na kwa samaki waliolala, na kwamba mwekundu mzito na dagaa ni kujitafutia balaa.

Sasa tui, kwa sababu huko ndiko upishi wa pwani unakoachana na vitabu vya Ulaya. Vitabu hivyo hufikiri siagi, mafuta ya zeituni na krimu. Tui lina mafuta kama krimu lakini lina utamu wake, na likichemka na kupungua utamu huo unakolea. Chukua samaki wa kupaka. Changu au chewa wa kilo moja hupasuliwa, huchanjwa, hulowekwa kwa kitunguu thomu, tangawizi, ndimu, pilipili na chumvi, kisha huchomwa kwenye wavu juu ya mkaa. Pembeni tui la kasimile, kama nusu lita kutoka nazi mbili kubwa, hupikwa na bizari na ukwaju au ndimu mpaka liwe zito la kushika mwiko. Hupakwa dakika za mwisho, upande mmoja kisha wa pili, na kurudiwa. Sukari ya nazi inaungua kidogo kwenye wavu. Hapo pana utamu, mafuta, moshi, uchachu na ukali kwa pamoja.

Chupa nyingi nyeupe zinazouzwa kama "za samaki" hushindwa hapo. Sauvignon Blanc, yenye harufu ya majani mabichi na pilipili hoho na uchachu unaochoma, hugongana na nazi: tui linaanza kuonja kama sabuni na mvinyo unabaki mkali peke yake. Pinot Grigio ya bei rahisi haigombani na chochote kwa sababu haisemi chochote. Kinachotakiwa ni mvinyo wenye mwili, yaani uzito mdomoni, harufu ya matunda yaliyoiva kama pera, embe au tikiti, uchachu wa kutosha kukata mafuta, na sukari kidogo iliyobaki ili utamu wa tui usiufanye uonekane mchungu. Maelezo hayo yote yanaangukia kwa Chenin Blanc, na bahati nzuri ndiyo zabibu inayopandwa zaidi kuliko nyingine zote Afrika Kusini, nchi ambayo chupa zake zimejaa maduka yetu.

Ila Chenin si moja. Kuna ile nyepesi, changa, ya kunywewa mwaka huo huo, inayofaa samaki wa kukaanga na kachumbari. Kuna ile ya mizabibu mizee ya Swartland, Stellenbosch au Paarl, nzito zaidi, mara nyingi iliyokaa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika. Hii ndiyo ya kupaka. Tafuta nishani ya mizabibu mizee shingoni mwa chupa: hupewa mashamba yenye umri wa miaka 35 na kuendelea, na mwaka wa kupandwa huandikwa pale pale. Bei hupanda, lakini ukiwa na chewa wa kupaka mezani fedha hiyo haipotei. Kuhusu sukari, Afrika Kusini mvinyo huhesabiwa mkavu, yaani usio mtamu, ukiwa na gramu 5 kwa lita au chini yake. Kwa vyakula vya nazi gramu 4 hadi 9 hukaa vizuri zaidi kuliko 1 au 2. Wazalishaji wengi huandika kiasi hicho kwenye karatasi ya maelezo iliyomo kwenye tovuti zao, na dakika moja ya kutafuta kwa simu dukani inatosha.

Pweza wa nazi anakaribiana na kupaka lakini hana moshi, na supu yake ina ule ukolezo niliousema. Pweza wa kilo moja na nusu huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, kwa moto mdogo dakika 45 hadi saa nzima mpaka kisu kipite bila kubishiwa, ndipo huingia kwenye tui. Ukolezo huo hufanya mvinyo uonje mchungu. Dawa iko kwenye sufuria: ongeza ndimu na chumvi kidogo mwishoni, onja mchuzi, onja mvinyo, rudia. Watu hubadilisha chupa mara tatu kabla ya kufikiria kubadilisha mchuzi, ilhali nusu kijiko cha maji ya ndimu mara nyingi humaliza kesi.

Kwa kamba au kambakochi wa nazi asiye na pilipili, kuna njia ya pili: Chardonnay iliyokaa kwenye pipa la mwaloni. Mwaloni hutoa laktoni zenye harufu ya nazi yenyewe, hasa mwaloni wa Marekani, hivyo pipa na tui huitikiana. Lakini pipa hilo hilo hutoa pia eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mchuzi wako ukiwa tayari una karafuu na mdalasini wa kutosha, kama kwenye biriani ya samaki, mvinyo wa pipa unaongeza viungo juu ya viungo na meza nzima inanukia kama kabati la dawa. Biriani, pamoja na utamu wa vitunguu vyake vya kukaanga, inataka mvinyo usiopita kwenye pipa na wenye sukari kidogo.

Ukwaju unastahili aya yake. Tindikali kuu ya ukwaju ni ya tartari, na hiyo ndiyo tindikali kuu ya zabibu. Ndiyo maana mchuzi wa ukwaju na mvinyo vinaelewana kwa namna ambayo siki haiwezi. Lakini sharti la uchachu ni moja: mvinyo uwe mchachu kuliko chakula, au walau sawa. Chakula kikiuzidi, mvinyo unalegea na kuonja kama juisi iliyozimuliwa. Kwa samaki wa kilo moja anza na gramu 30 za ukwaju uliokamuliwa kwenye mililita 120 za maji ya moto, mimina nusu kwanza, onja, kisha uamue. Na kama nyumbani kwenu ukwaju ni lazima uume meno, achana na Chenin uchukue Riesling. Ile ya bonde la Mosel, Ujerumani, iliyoandikwa Kabinett, mara nyingi ina pombe ya asilimia 8 hadi 10, sukari ya kuonekana, na uchachu mkali unaoifanya sukari hiyo isichoshe. Haipatikani kila duka, wala si rahisi, lakini kwa mchuzi wenye ukwaju na pilipili pamoja sijui chupa inayoishinda.

Achari ya embe na ndimu za kusindika ni jambo jingine. Chumvi, siki, uchungu wa maganda na pilipili kwa pamoja huua karibu kila mvinyo. Iwekwe kwenye kisahani cha pembeni, na mtu anywe kabla ya kuila.

Pilipili haionji; inaunguza. Kiini chake, kapsaisini, huamsha kipokezi cha neva kinachohisi joto, na pombe huamsha kipokezi hicho hicho. Mvinyo wa asilimia 14 juu ya kamba wa pilipili kichaa ni kumwaga mafuta kwenye moto, na ukiwa mwekundu wenye ukakasi, ukavu wa tanini unaongezea mateso. Chagua asilimia 12 au chini, baridi, na utamu kidogo. Wareno na watu wa Msumbiji walishalitatua hili: kamba wa kuchoma waliopakwa pilipili, kitunguu thomu na ndimu, na pembeni Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, nyepesi, mara nyingi asilimia 9 hadi 11.5, chachu na yenye vipovu vya mbali. Vipovu vikizidi, lakini, huchokoza ulimi uliokwisha kuungua. Kwa hiyo mvinyo wa mapovu kamili uwe wa vitafunio vya mwanzo, kabla pilipili haijafika.

Mahali pake hasa ni kwenye vitu vya kukaanga: ngisi waliokatwa pete, kamba wa unga, bajia, dagaa wakavu wa kukaanga na ndimu. Mapovu na uchachu hukwangua mafuta, na chumvi ya chakula huupunguzia mvinyo ukali. Watu huhifadhi chupa za mapovu kwa ajili ya harusi na kufyatua vizibo, kisha wakawapa wageni na keki tamu, ambayo ndiyo mwenzi wake mbaya kuliko wote. Cap Classique ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa uchachushaji wa pili ndani ya chupa, kama Champagne, kwa bei ndogo zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya shamba la Simonsig, mavuno ya 1971, na ilitoka kwenye zabibu za Chenin Blanc. Nunua iliyoandikwa Brut, yaani kavu. Ikiwa imeandikwa Demi-Sec ina sukari nyingi, na ngisi wataonekana hawana chumvi. Ngisi wenyewe wasikae kwenye mafuta zaidi ya dakika mbili, moto mkali, karibu nyuzi 180. Wakigeuka mpira hakuna mvinyo utakaowarudisha.

Chupa ya mapovu ina mgandamizo wa takriban angahewa 6. Ipoe vizuri kabla ya kuifungua, kwa sababu ya vuguvugu hufoka. Legeza waya bila kuuondoa, shika kizibo kwa kiganja, zungusha chupa badala ya kizibo, na ukiache kitoke polepole. Usielekeze kwa mtu.

Chaza mbichi kwa ndimu, kaa aliyechemshwa kwa chumvi, tasi wa kuchoma mkavu: hivi ndivyo vyakula ambavyo kanuni za Ulaya zinavifaa bila kubadilishwa. Chukua myeupe mikavu ya Ufaransa kama Muscadet ya karibu na mdomo wa mto Loire, Chablis na Picpoul de Pinet, au Sauvignon Blanc ya sehemu za baridi za Afrika Kusini kama Elgin, Durbanville na Constantia. Hapa Sauvignon iko nyumbani, hasa pakiwa na kotimiri au giligilani nyingi. Kaa ana utamu zaidi ya chaza, basi mvinyo wake uwe na matunda kidogo zaidi. Kambakochi wa siagi na kitunguu thomu anabeba Chardonnay ya Walker Bay, Afrika Kusini, bila shida. Usimkaushe, kilo moja ikipasuliwa katikati haihitaji zaidi ya dakika kumi juu ya mkaa wa wastani, sehemu kubwa ya muda huo gamba likiwa chini.

Myekundu inayofaa ipo, ila masharti yake ni magumu: ukakasi mdogo, pombe ya wastani, isiyo na pipa jipya, na ipozwe hadi nyuzi 13 au 14. Cinsault ya Afrika Kusini na Pinot Noir ndizo za kuanza nazo. Samaki wake ni jodari mbichi kabisa, kipande cha unene wa sentimita tatu, dakika moja na nusu kila upande juu ya chuma cha moto, katikati kibaki chekundu. Akiiva mpaka ndani anakuwa mkavu na mvinyo unamkausha zaidi. Pweza naye anaweza. Huko Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, pweza wa kuchemsha hukatwa kwa mkasi, akanyunyiziwa chumvi ya mawe, paprika na mafuta ya zeituni, na wenyeji humla kwa Albariño nyeupe au kwa mwekundu mwepesi wa Mencía. Pweza wetu wa kuchoma kwa mkaa, mwenye pilipili ya wastani na ndimu, hayuko mbali na huyo. Nguru wa mchuzi wa nyanya, kwa maoni yangu, ndiye samaki wa rozei, mvinyo wa rangi ya waridi: uchachu wa nyanya huudhoofisha mweupe mzito na huupa mwekundu ladha ya chuma, wakati rozei kavu inapita katikati.

Dodoma. Zabibu kule huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ratiba inaamuliwa na ukataji wa matawi. Zabibu kuu mbili ni Makutupora, nyekundu, na Chenin Blanc. Joto huifanya tindikali ya zabibu ishuke haraka zinapoiva, kwa hiyo mweupe mkavu wa Dodoma mara nyingi huwa mpole kuliko Chenin ya Rasi, Afrika Kusini. Upole huo ni udhaifu mbele ya chaza au ukwaju, lakini mbele ya kamba wa tui jepesi au sangara wa kuchoma ni sifa. Nunua chupa ya karibuni kadiri inavyowezekana, na uipoze zaidi kidogo, nyuzi 7 au 8, ili uchachu uliopo ujitokeze. Mwekundu mkavu wake upozwe hadi nyuzi 14 na upelekwe kwa pweza wa kuchoma. Myekundu mitamu, Dompo na wenzake, isiguse samaki kabisa. Ni ya baada ya chakula, pamoja na karanga au kashata.

Lawama nyingi zinazotupiwa mvinyo usioendana na samaki ni lawama za joto. Chupa iliyokaa miezi sita kwenye duka lisilo na kiyoyozi Kariakoo au Mombasa ina nyuzi 30 na zaidi mchana kutwa, na mvinyo mweupe hauwezi hayo. Dalili zake: kizibo kimesukumwa juu kidogo au kinanata pembeni, rangi imegeuka dhahabu nzito kwenye chupa ya mwaka juzi, na harufu ni ya tofaa lililokatwa jana. Chupa za kioo kisicho na rangi zilizosimama chini ya taa au dirishani hupatwa na ugonjwa mwingine: mwanga huzivunja na harufu ya kabichi iliyochemshwa hutokea. Chukua ile ya nyuma ya rafu, ya kioo cha kijani. Chukua ya kifuniko cha kuzungusha kuliko ya kizibo cha gome, kwa sababu chupa iliyosimama wima kwa miezi hukauka kizibo na kuingiza hewa. Soma mwaka: mavuno ya Afrika Kusini huanza Januari na kwisha karibu Aprili, basi mweupe mwepesi wa bei ya kawaida wenye umri wa zaidi ya miaka miwili au mitatu uuache palepale. Chenin ya mizabibu mizee na Chardonnay nzuri zinastahimili zaidi. Na ukifungua ukakuta harufu ya gunia lenye unyevu, kizibo ndicho kimeharibu. Huo haufai hata kwa mapishi.

Kupoza kuna njia moja ya haraka inayofanya kazi. Ndoo, nusu barafu nusu maji, na konzi mbili za chumvi, chupa izame mpaka shingoni. Kutoka nyuzi 30 inafika 10 kwa dakika 20 hadi 25. Barafu peke yake huchelewa kwa sababu kati ya vipande pana hewa. Friji huchukua saa tatu. Friza inaweza kwa dakika 45, lakini weka kengele kwenye simu, maana mvinyo ukiganda huvimba na kufyatua kizibo au kupasua chupa. Mapovu yanywewe kwa nyuzi 6 hadi 8, myeupe myepesi 8 hadi 10, Chenin nzito na Chardonnay 10 hadi 12. Chini ya hapo harufu hufa na unabaki na ukali mtupu. Barandani wakati wa kaskazi glasi hupata joto upesi, basi mimina mililita 100 kwa mara moja na ushike glasi kwa mguu wake. Kutia barafu ndani ya glasi si dhambi kwa mvinyo wa bei rahisi. Ila kumbuka unazimua uchachu uleule ulionunuliwa kwa ajili ya samaki.

Mvinyo ndani ya sufuria ya tui una utaratibu wake. Ukiumimina juu ya tui linalochemka, tindikali na moto hulikata tui na unabaki na mafuta yanayoelea juu ya maji. Kwa kilo moja ya kambamiti kaanga maganda na vichwa kwa mafuta mpaka viwe vyekundu, tia punje sita za kitunguu thomu, kisha mililita 150 za mvinyo mweupe mkavu, na uache upungue mpaka nusu kwa moto mkali, dakika nne au tano. Tia tui la pili, chemsha dakika kumi, chuja. Nyama ya kamba huingia mwishoni kwa dakika tatu, na kasimile hufuata, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha na bila kuruhusu ichemke kwa nguvu. Usitumie mvinyo mtamu hapo: ukipungua, sukari yake hujumlika na ya nazi na mchuzi unakuwa uji.

Usiamini pia kwamba pombe yote huruka. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochemka dakika 15 bado kina kama asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, na baada ya nusu saa kama asilimia 35. Pwani hii, wageni wengi hawatumii pombe kwa dini yao au kwa hiari yao, basi sufuria yenye mvinyo itajwe kabla ya kupakuliwa, au ipikwe nyingine kwa ndimu na mchuzi wa maganda pekee. Kinywaji chao nacho kisiwe soda iliyookotwa tu: maji ya ukwaju yenye sukari kidogo na maji ya mapovu yanafuata kanuni zilezile, uchachu kwa mafuta na utamu kwa pilipili.

Chupa ya mililita 750 ni glasi sita ndogo za mililita 125. Kwa watu sita, chupa moja ya mapovu na ngisi, kisha mbili za Chenin na samaki wa kupaka na wali wa nazi, zinatosha. Kinachobaki kimiminwe kwenye chupa ndogo safi mpaka juu kabisa, hewa isipate nafasi, kifungwe na kiwekwe friji. Siku tatu bado kinanyweka, baada ya hapo ni cha mapishi.

Limebaki swali la papa, hasa ng'onda. Nyama ya papa ina urea nyingi, ambayo bakteria huigeuza amonia, na kukausha kwa chumvi hukoleza kila kitu. Mchuzi wa papa wa nazi wenye bilinganya na embe mbichi ni chakula kizuri mno, na mvinyo wowote mkavu unaupokea kwa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Ile Riesling tamu inavumilia, haizidi hapo. Kwa ng'onda chemsha chai kavu ya tangawizi, na Chenin ibaki kwenye friji.